Gia ya Meno 127

Sisi watatu tumezoea kuchanga. Tangu tufike Johannesburg tumechangia misiba, harusi, gharama za kusafirisha maiti na karo za watoto wa ndugu. Lakini mwaka jana, kwa mara ya kwanza, tulichanga randi 12,000 kila mmoja kwa ajili ya kitu ambacho wake zetu mpaka leo wanakiita "lile lichuma": mashine ya kukereza vyuma, Colchester Student, ya Kiingereza, ambayo umri wake unatuzidi sote. Kamusi inaiita kerezo. Pale Gerezani, Dar es Salaam, unapeleka shafti yako iliyolika, unasema umekuja kuchongesha, basi.

Sisi ni wahandisi, wote tumevuka hamsini. Mmoja alikulia Mang'ula, ambako Wachina waliojenga reli ya TAZARA (1970–1975) waliacha karakana ya mitambo, na anadai harufu ya mafuta ya kukatia chuma ndiyo harufu ya utoto wake. Wawili tulisoma India mwanzoni mwa miaka ya 1990. Huko mwaka wa kwanza kila mwanafunzi alisimamishwa mbele ya mashine ya HMT akakereza kipande cha chuma mpaka kipimo kikubali. Baada ya hapo hatukugusa tena. Ofisi zetu ziko Sandton, kwenye majengo ya vioo, na kazi yetu ni michoro, zabuni na mikutano. Ukituuliza beringi iachiwe nafasi kiasi gani, tutakujibu kwa jedwali. Mikono haina habari.

Karakana ilikuwa Wynberg, kati ya barabara kuu ya M1 na Alexandra. Mwenyewe alikuwa amefariki na mwanawe anauza kila kitu. Tulikwenda na tochi na saa ya kupimia, tukijifanya wajuzi. Katika mashine kuukuu hutazami rangi, unatazama reli. Reli hulika karibu na kichwa cha mashine, kwa sababu kazi nyingi hufanyika hapo. Basi unakaza kile kigari kinachobeba kisu pale palipolika, mpaka kisogee kwa uzito kidogo, kisha unakisukuma kwenda upande wa pili. Kikikwama mapema, reli imekwisha. Chetu kilikwama karibu kabisa na mwisho. Tukafurahi.

Kisha tukauliza iko wapi gia ya meno 127. Skrubu kuu ya mashine ile ni ya inchi. Ukitaka ikukatie nyuzi za milimita unahitaji gia hiyo, kwa kuwa inchi moja ni milimita 25.4, na 25.4 mara tano ni 127. Kijana akasema pengine ilipotea. Mzee mmoja aliyekuwa akifagia vumbi la chuma pembeni akaweka ufagio chini, akafungua kabati, akarudi na kitu kimeviringishwa ndani ya gunia lenye mafuta.

Tukamwita Baba, neno ambalo Kizulu na Kiswahili hayahitaji mkalimani. Tukamwomba atuonyeshe. Akafunga gia, akawasha, akaanza kukata nyuzi. Kila mkato aliirudisha nyuma kwa kugeuza mzunguko wa mashine, maana ukikata milimita kwa skrubu ya inchi, ukiachia tu umepotea njia. Akatoa nati mfukoni, akaizungusha kwa vidole viwili. Ikaingia mpaka mwisho bila kutikisika. Sisi wenye digrii tulitazama kama watoto kwenye mazingaombwe.

Alianza hapo 1971 kama msaidizi. Sheria ya Uanagenzi ya 1922 haikutaja rangi waziwazi, lakini kwa kiwango cha elimu ilichodai ilimfungia Mwafrika mlango. Ilipofika 1981, sheria mpya ikaruhusu Waafrika kusajiliwa kuwa wanagenzi, naye alikuwa amepita thelathini, ana watoto wanne. Hakwenda. Kwenye karatasi alibaki msaidizi mpaka siku karakana inafungwa.

Tulipomwomba aje Jumamosi atufundishe, aliuliza jambo moja tu: "Mtanilipa kama msaidizi au kama fundi?"

Tulisema kama fundi, upesi mno, kabla hatujajua fundi hulipwa kiasi gani. Ikabidi tuulizie. Tulipopata jibu, mmoja wetu alisema garini kwamba ni nyingi kwa mtu asiye na cheti. Hakuna aliyemjibu, na hatutasema ni nani, kwa sababu wengine wawili tulikuwa tumeshapiga hesabu hiyohiyo kimyakimya. Tulikubaliana kulipa tukiwa tumeshafika Rivonia.

Kuihamisha mashine hakuhitaji maelezo marefu: nusu tani na ushee, lori lenye winchi, vipande vya bomba chini yake, mgongo mmoja ulioteguka. Nyumbani hatuna umeme wa fezi tatu, tukanunua inveta. Kamati ya wakazi ikataka barua kwamba hatufanyi biashara. Tukaandika.

Jumamosi ya kwanza, mlinzi wa getini alijaza daftari: sababu ya kuja, bustani. Mzee akaomba kalamu, akalikata neno hilo kwa mstari ulionyooka, akaandika kazi yake. Mlinzi, kijana wa watu, akasimama kumfungulia.

Majumamosi mawili hakuwasha mashine. Aliweka vibati vyembamba chini ya miguu yake, akapima kwa pimamaji, akangoja itulie, akapima tena. La tatu akatupa kila mmoja tupa na kipande cha chuma, akatuambia tukinyooshe. Sasa tumeshachonga bushi tatu, mbili zimetupwa.

Gia ya 127 anakuja nayo ndani ya gunia lilelile na kuondoka nayo. Tulimkumbusha kwamba tulinunua mashine pamoja na vifaa vyake vyote. Akasema ni kweli, na gia tutapewa tukifika huko.