Herufi tano zilizoniumbua Magomeni

Jamani, ukisikia mtu kaumbuliwa na herufi tano, usicheke. Mwenzenu yamenikuta! Na si kwenye ile Magomeni ya Dar yenye Mapipa na Mikumi yake, la hasha. Ni hapa Magomeni ya Kilosa, mkoani Morogoro, ninakouza madaftari na kutoa fotokopi.

Mteja wangu mmoja ni binti wa chuo. Mtoto mtaratibu, halafu ung'eng'e unapanda. Siku moja nikamkuta kainamia simu, anacheza Wordle. Kama huujui mchezo huo ni hivi: kila siku linafichwa neno moja la Kiingereza la herufi tano, nawe una nafasi sita za kulitafuta. Herufi ikiwa sahihi na imekaa mahali pake, kijumba kinakuwa kijani. Ikiwa imo lakini imekaa pasipo pake, njano. Ikiwa haimo, kijivu.

"Na wewe unacheza?" akaniuliza.

"Kila siku," nikajibu. Uongo mtupu! Kiingereza changu cha kidato cha nne kiliishia kwenye herufi moja tu, nayo ni F.

Usiku ule nikajichimbia kwenye intaneti. Kumbe kuna kurasa za kutafutia maneno. Unaandika herufi ulizonazo, unataja neno liwe na herufi ngapi, unamwagiwa orodha nzima. Basi nikawa nadesa. Kila saa tatu usiku tunatumiana vijumba vyetu vya rangi, na mimi nimepata kwa mara ya tatu. "Kaka, wewe kichwa!" ananiandikia. Mabega juu!

Nilijipa moyo kwamba mchezo wenyewe ulizaliwa kwa mapenzi. Josh Wardle, fundi wa programu mzaliwa wa Wales, aliutengeneza kwa ajili ya mpenzi wake, Palak Shah. Maneno ya Kiingereza ya herufi tano yalikuwa kama 12,000, bibie akayachuja yakabaki kama 2,500 yanayojulikana na watu. Oktoba 2021 wakaufungulia ulimwengu, na Januari 2022 gazeti la New York Times likaununua. Nikasema, kama wao waliweza, mimi je?

Jumapili moja tumekaa kwenye kibanda cha chipsi, bando likamwishia. "Si neno," akasema, akatoa karatasi na kuchora vijumba. "Leo neno naficha mimi, wewe tafuta. Ila simu weka mfukoni."

Wee, acha tu! Jasho lilinitoka hadi kwenye viganja. Nikaanza na ARISE, kuinuka, nililolikariri kwa sababu lina irabu tatu, pamoja na R na S ambazo Kiingereza kinazipenda sana. R, I na E zikakaa mahali pake, A na S hazimo. Nikaweka WRITE la shule ya msingi. W na T hazimo. PRICE, nalisoma kwenye maboksi ya dukani. P imo! PRIME, la waziri mkuu. Wapi. PRIZE, la bahati nasibu. Wapi. Ikabaki nafasi moja na pengo moja, na kichwa kikagoma kabisa.

"Mwenzio nilikuwa naangalizia," nikasema nikiwa nimeinamia chipsi zangu.

"Nilijua," akajibu. "Nani anapata kwa mara ya tatu wiki tatu mfululizo? Hata mimi nakosa. Sasa sikiliza. Acha kutafuta neno, tafuta herufi. Pitisha moja moja kwenye pengo, anzia B."

PRIBE, hakuna kitu. C nimeshaitumia. D... PRIDE!

"Maana yake?"

"Sijui."

"Majivuno," akasema, akanikazia macho. Kumbe alilichagua makusudi.

Nikadhani ndiyo kwaheri. Badala yake akanisimulia habari za Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno kwa vibao vya herufi. Mwaka 2015 Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa, na Kifaransa chenyewe haongei! Alikariri maneno tu. Mwaka huohuo, kule Perth, Australia, Wellington Jighere wa Nigeria akawa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza. Kwenye fainali aliweka FELTY, herufi tano, akavuna pointi 36.

Hapo nikaelewa. Kupata maneno ni kazi ya jicho, subira na mazoezi, wala si cheti cha kuwa msomi. Sisi vijana tunakifanya Kiingereza kipimo cha akili ya mtu, matokeo yake anayekosa neno moja anaona aibu hata kuuliza, anaishia kudanganya kama mimi. Kutojua PRIDE hakukuniaibisha. Kilichoniaibisha ni zile wiki tatu za kujifanya najua.

Siku hizi tunacheza kwa karatasi. Napata kwa mara ya tano, ya sita, na siku nyingine naangukia pua. Nikikosa namwambia nimekosa, ananifundisha.

Juzi zamu ya kuficha neno ilikuwa yangu. Nikaficha BRIDE, yaani bibi harusi. Akalipata kwa mara ya nne, akacheka, akakunja karatasi na kuitia kwenye mkoba wake. Jibu hajatoa. Mwenzenu nasubiri.