Kompyuta Haiongezi Hewa

Mamboleo, Kisumu

Okewa, mpwa wangu,

Mama yako amenipigia simu kuniambia kuna kijana wa Kondele atakayekuandikia upya programu ya kompyuta ya Fielder yako, na kwamba pesa umeshazitenga. Sikukatazi. Gari ni lako na jasho ni lako. Lakini nimelala chini ya magari ya mji huu tangu kabla hujazaliwa, na sipendi uuziwe nguvu ambayo injini yako haina pa kuitoa.

Anza na hewa. Injini yako ni 1NZ ya lita moja na nusu, haina turbo. Kila silinda huvuta hewa mara moja katika mizunguko miwili. Kwa hiyo ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hata silinda zijae sawasawa, hewa inayoingia ni kama lita 4,500 tu. Petroli nayo inataka hewa mara 14.7 ya uzito wake ili iungue yote. Ukimwaga mafuta kupita hewa iliyomo, yanatoka kwenye ekzosi yakiwa moshi mweusi. Kompyuta kazi yake ni kupima hewa iliyokwisha kuingia na kuipa mafuta yanayoitosha. Uwezo wa kuiongeza haina.

Na huku kwetu hewa yenyewe ni nyepesi. Zile nguvu za farasi 110 au karibu yake zinazosemwa za injini hiyo zimehesabiwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Kisumu, ingawa tuko ufukweni, tumepanda mita zaidi ya 1,100 kutoka Mombasa. Kila lita ya hewa hapa imepungua uzito kwa sehemu moja ya kumi hivi, na farasi kumi zimekwenda nayo kabla hujawasha gari. Ukifika Kericho, karibu mita 2,000, zimekwenda nyingine. Usimlaumu fundi wala kompyuta kwa mlima ule.

Sasa kijana wako atachezea nini? Wakati wa cheche. Cheche ikiwahi kidogo, mlipuko unaisukuma pistoni vizuri zaidi, na ni kweli kuna farasi chache hapo. Lakini wahandisi wa Toyota hawakuziacha kwa uvivu. Waliziacha kwa ajili ya petroli mbovu, redieta iliyoziba, abiria watano na mizigo, na foleni ya saa nane mchana jua letu likiwa kali. Ukiitumia akiba hiyo yote, siku ya joto injini itaanza kugonga, mlio kama kokoto ndani ya debe. Sensa ya kugonga ikisikia, kompyuta inarudisha cheche nyuma, na ulichokilipia kinayeyuka hapo hapo barabarani. Afadhali hivyo. Nimeshika pistoni ya gari ambayo sensa yake ilikuwa imefungwa ili isiingilie kati: ukingo wa juu umelika kama umetafunwa, na kwenye kauri ya plagi kulikuwa na vitone vya alumini vidogo vinavyong'aa. Alumini ile ilikuwa pistoni.

Kuna jambo moja nataka ulijue vizuri, kwa sababu ndilo linalowadanganya vijana wengi. Faili nyingi za namna hii hubadilisha pedali. Ukigusa robo, kompyuta inafungua nusu. Gari linaruka kutoka taa za barabarani na unaona umepata injini mpya. Likanyage mpaka chini ukipanda kuelekea Maseno, ni lile lile la jana.

Najua utanitajia Impreza za rafiki zako. Zenye turbo ni habari nyingine, kwa sababu turbo husukuma hewa, na kompyuta ndiyo inayoiambia isukume kiasi gani. Hapo programu nzuri huleta nguvu ya kweli. Lakini nazo zina ukuta wake: injekta, pampu ya mafuta, klachi, pistoni. Tena Impreza ya turbo iliyotoka Japani iliandikiwa petroli ya kule ya daraja la juu, karibu oktani 100. Super ya vituo vyetu haifiki hapo. Kwa gari kama hilo kazi ya kwanza ya programu ingekuwa kulipunguza makali, na sijaona kijana anayelipia hilo. Hata Colin McRae alipoipa Subaru ushindi wake wa kwanza wa Safari Rally mwaka 1997, Impreza yake ilikuwa inapumua kwenye tundu la milimita 34 lililowekwa kisheria mbele ya turbo. Kwa tundu hilo tu, wakubwa wa mchezo walizizuia injini za timu zenye pesa na wahandisi wa kila namna zisipite sana farasi 300. Walijua pa kuzishika.

Gari lako umebadilisha ekzosi na ile filta ya hewa ya wazi tu. Ekzosi ni kelele, achana nayo. Filta inaniudhi. Imekaa karibu na injini inavuta hewa ya moto, na hewa ya moto ni nyepesi kuliko hii nyepesi tuliyo nayo. Kama uliipaka mafuta yake, huenda na sensa ya hewa imechafuka. Rudisha boksi lake la asili.

Ukitaka gari lije juu, tutafute kwanza farasi zake lenyewe zilizopotea. Nataka kuona kwenye skana kompyuta inaongeza mafuta kwa asilimia ngapi ili kusawazisha; ikizidi kumi, kuna hewa inaingia kwa mlango wa nyuma au sensa inadanganya. Nataka kupima mgandamizo wa silinda zote nne. Pesa ulizotenga zinunue tairi, kwa sababu zile za nyuma niliziona mazishini Ahero na sikuzipenda, na breki za mbele pia.

Njoo Jumamosi asubuhi, gari likiwa baridi, tufungue plagi kabla hujamlipa mtu yeyote. Kijana wako mlete pia. Nitamuuliza anasomaje kugonga wakati anaandika faili lake, na akinijibu vizuri nitakuambia mbele yake.

Mjomba wako