Dawa Iliyoniumiza Vidole

Mimi ni mwalimu hapa Kabimba, kando ya Ziwa Tanganyika, kusini ya Kalemie. Kucha zangu zilianza kuwa na vishimo vidogo, kana kwamba zimechomwa sindano. Kisha zikageuka manjano na kuachana na nyama. Kwa kuwa Kabimba yajulikana kwa saruji, majirani walisema vumbi lake limenila. Wengine walinong'ona kwamba ni ugonjwa wa kuambukiza. Tangu siku hiyo binti yangu mdogo akaacha kula nami sahani moja. Hilo liliniuma kuliko kucha zenyewe.

Kwa haraka ya kupona, nilinunua sokoni dawa ya kupaka iitwayo klobetasoli, ile ile ambayo wengine hujipaka usoni wapate weupe. Nikapaka asubuhi na jioni, na usiku nikavifunga vidole kwa nailoni, muda wa miezi mitano. Mwanzoni uvimbe ulipungua, nikafurahi. Halafu ngozi iliyozunguka kucha ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, ikapoteza rangi, ikapasuka kila niliposhika chaki.

Ndipo nilipokwenda kwa mganga wa hospitali. Kwanza alikipima kipande cha ukucha, asije akadhani ni ukungu. Kisha akaniambia: "Mwalimu, huu ni soriasisi. Kinga ya mwili hukosea na kuushambulia mwili wenyewe. Hauambukizi hata kidogo."

Akanieleza kwamba klobetasoli hutibu, lakini nguvu zake ni nyingi. Hutolewa kwa kipimo na kwa muda, na nailoni huzidisha nguvu hizo. Ikitumiwa kupita kiasi huikondesha ngozi, na kwa nadra hata mfupa wa ncha ya kidole. Dawa nyingine, kalsipotrioli, yaweza kuwasha na kuchoma ngozi. Haifai kugusa uso. Tena ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 tu kwa mwezi, hivyo faida huonekana baada ya miezi 6 hivi. Mimi nilidhani dawa imechelewa, nikaizidisha.

Ndugu msomaji, kabla hujapaka dawa, mwulize mganga mambo matatu: Ni dawa gani? Nipake kiasi gani? Niache lini?

Jioni ile nilimweleza binti yangu yote. Akavitazama vidole vyangu kitambo, kisha akasogeza kiti chake, akamega ugali katika sahani yangu.