Matembezi ya Julai Kutoka Lavington

Julai ni mwezi wa baridi Nairobi. Hata hivyo watembeao kwa miguu huondoka Lavington asubuhi, makoti yamefungwa vifungo vyote, wakaelekea bustani ya miti, Arboretum, ng'ambo ya Kileleshwa. Ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kigeni ikuayo upesi, kwani magari moshi ya reli yalikula kuni nyingi mno. Basi miti iliyotafutiwa tanuri imebaki kuwa kivuli, ingawa Julai hakuna akitakaye!

Huko Lavington nyumba nyingi zenye bustani zimebomolewa, na maghorofa yamesimama mahali pake. Hapa hektari 30 hivi hazijajengwa. Wazee hukaa chini ya mikaratusi, wakamimina chai, huku tumbili wakiwavizia mkate.