Meno au msuguano?

Wadau, wengi wakinunua darubini ya lenzi huuliza ukubwa wa lenzi tu. Mimi naanza na kifundo cha kusawazisha picha. Cha zamani kina kigurudumu cha meno kinachosukuma reli ya meno. Meno yakilegea, unazungusha weee, picha haisogei. Mara inaruka, pete za Zohali zimepotea.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 John Wall, wa klabu ya wanaastronomia ya Crayford, Uingereza, aliyatupa meno: kijiti laini cha chuma kinakandamiza bomba dhidi ya beringi nne. Na hakuchukua hataza, yeyote aige!

Ila ukifunga kamera nzito ukaielekeza utosini, bomba linateleza. Kwa jicho, nachagua Crayford. Kwa kamera, meno yaliyochongwa vizuri. Nyie je?