Miji Minne kwa Siku Nne

Likizo ya Aprili 2024 ilinikuta London kwa shangazi yangu, ambaye hutunza wazee usiku katika makao yao. Alipewa ruhusa ya siku nne tu, naye akaapa kwamba sitarudi Kisumu kabla sijaiona Ulaya.

Basi mbio zikaanza! Treni ilipita chini ya bahari na baada ya saa mbili na robo hivi tukawa Paris. Nilipanga foleni hadi miguu ikafa ganzi ili nimwone Mona Lisa. Kumbe picha yenyewe ni sentimita 77 kwa 53! Brussels tulikimbilia sanamu ya kitoto kinachokojoa, nayo hainifiki kiunoni. Tulicheka hadi machozi. Amsterdam baiskeli nusura zinigonge mara mbili.

Kila tulipoketi behewani shangazi alisinzia, mkoba kifuani. Nilidhani hapendi safari. Tuliporudi London, kabla sijavua viatu, nilimwona akivaa sare ya kazi.

"Si ungepumzika tu, shangazi?"

"Ningepumzika vipi, mwanangu, na miaka tisa hapa sijapata kuiona Paris?"

Akafunga mlango, akaliwahi basi.