Meza Iliyo Karibu



Kiangazi kilichopita mimi na kaka yangu tulisafiri kwa mashua katika mfereji wa Grand Union, nchini Uingereza. Tulikubaliana kula chakula cha jioni katika baa za kandokando, nami nikapewa kazi ya kuzichagua.

Huko Cosgrove kaka aliitazama baa ndogo. Nikamwambia, “Kaka, tusonge mbele hadi Stoke Bruerne, huko kuna bora zaidi.”

Kwenye ramani safari ilionekana fupi. Lakini mwendo katika mfereji hauruhusiwi kuzidi kilomita 6 hivi kwa saa, na chini ya kijiji hicho kuna vyumba saba vya maji vyenye malango. Mashua huingia, malango hufungwa kwa mikono, maji hujaa, nayo hupanda. Kila chumba huchukua robo saa au zaidi.

Kwenye chumba cha tano niliiona mikono ya kaka ikitetemeka juu ya boriti ya lango. Ana kisukari, nami nilijua. Nikamnywesha chai yenye sukari nyingi. Alipopata nguvu akasema, “Mdogo wangu, ulichagua chakula, hukumuuliza mlaji.”

Tulipofika, jiko lilikwisha kufungwa.

Tangu jioni ile nilihesabu malango kabla ya kilomita, nikapiga simu kuuliza jiko hufungwa saa ngapi. Lakini kwanza nilimuuliza kaka atahitaji kula saa ngapi.